Mama Yangu Si Mulima

Uvumilivu wangu uliisha siku niliyomkuta mama yangu ameketishwa juu ya kiti cha plastiki katikati ya avenue yetu, watu wamemzunguka, wote wakimtazama usoni wakingoja atoke jasho.

Nilikuwa nimetoka hospitali mbio, mtoto mgongoni, nije nimchukue. Daktari alikuwa amesema, "Mulete leo hii, asikawie," kwa sababu mama, ambaye hedhi yake ilikuwa imekatika zamani, alikuwa ameanza kutoka damu tena. Moto, pikipiki ya abiria iliyonileta, ilikuwa inaningoja pembeni, dereva hajazima injini. Na mama mwenyewe, mgonjwa wangu, alikuwa anapepewa na jirani kwa kifuniko cha sufuria kama askofu aliyekuja kutoa kipaimara. Kando yake magodoro yalikuwa yamekwisha kufungwa juu ya chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya mizigo, masufuria yamefungwa ndani ya mashuka, na mbuzi wa jirani amefungwa kamba tayari kwa safari.

"Mama, simama, tuende," nikasema.

Shefu wa avenue akanyanyua mkono. Shefu wetu ni mzee mwenye heshima zake, koti halimtoki mwilini hata jua liwake namna gani, na shingoni anavaa kipaza sauti alichopewa siku ya semina ya volkano.

"Mutoto wangu, vumilia kidogo," akasema. "Asubuhi mulima umenguruma. Tunangojea tuone kama mama atasikia joto. Akisikia, tunakimbia. Asiposikia, tunarudisha magodoro."

"Papa shefu, mama anagonjwa. Dokta iko anamungojea."

"Dokta iko na wagonjwa wengi. Siye tuko na mama mumoja tu."

Pembeni ya kiti alisimama mwuza pomade, yule anayejiita Dokta wa Asili, kopo lake wazi mkononi, vidole vinang'aa mafuta. "Nimeshamupaka," akawatuliza watu. "Pomade yangu haizuie joto la kweli. Inazuia joto la uongo tu. Mungojee bila hofu."

Basi hapo. Sikumpiga mtu, na ninaandika hivyo kwa sababu wako wanaosema nilimpiga. Nilivuta kipaza sauti, shefu naye akaja nyuma yake maana kamba ilikuwa bado shingoni mwake, nikabonyeza, na shavu langu likiwa karibu kugusa shavu la shefu nikaiambia avenue nzima:

"Mama yangu si mulima. Mama yangu ni mwanamuke. Hedhi yake ilikatika, na joto lake linatoka kwa ovari, halitoke chini ya lava. Anayetaka habari ya volkano aende kwa wenye mashine. Mufungue njia."

Mbuzi peke yake akajibu. Mama akajifunika uso kwa kitenge, akasema polepole, maneno ya mimi na yeye tu, lakini kipaza sauti kilikuwa bado kinawaka, kikayachukua:

"Sasa umewaambia mpaka watu wa Gisenyi, kule Rwanda."

Niseme tulivyofika pale, maana ukikisikia kisa hiki hivi hivi utafikiri sisi ni wajinga. Wajinga tulikuwa, lakini hatukuwa wajinga kwa siku moja. Tulikwenda hatua kwa hatua.

Mama ni mwuza maharagwe wa Kiwanja. Kule sokoni alikuwa mtu. Wanunuzi walimwita kutoka ng'ambo ya barabara, na wenye pikipiki walimsalimia kwanza yeye ndipo wasalimie mapadri. Vita ilipofika kule mara ile (kwetu ukisema vita lazima useme ipi, na hata ukisema ipi watu watabishana nawe) alikuwa jikoni, anaonja chumvi. Alianza kukimbia na kifuniko cha sufuria mkononi. Sufuria ikabaki, kifuniko kikafika Goma. Alikaa kwanza kwenye mahema ya wakimbizi upande wa Lac Vert, mpaka nilipompata na kumleta kwangu, katika vyumba vyetu viwili vya mbao vilivyosimama juu ya lava.

Kwenye avenue yetu hakuna aliyejua habari ya maharagwe. Kwao alikuwa mkimbizi tu, "ule mudeplase wa kule kwa mwenye mutoto mudogo." Watu wakipiga soga jioni, yeye alikalia bidon, dumu la maji lililogeuzwa, na mwenye bidon akitaka kwenda kuteka maji, mama anasimama. Hilo la bidon lishike. Ndilo lililotupoteza akili sote.

Kisha joto likaanza. Anakaa vizuri, anachambua mboga, mara uso unakuwa mwekundu, jasho linamtoka kifuani na shingoni, anatupa kilemba, anakimbilia mlangoni na kifuniko chake cha sufuria anajipepea kama mtu anayefukuza nyuki. Dakika chache, limepita, anasikia baridi, anataka shuka. Tulipima malaria, hakuna. Tukamtibu homa ya matumbo, kwa sababu Goma kisichokuwa malaria ni homa ya matumbo, asiyekuwa nayo atibiwe tu kwa adabu. Bwana yangu akasema ni mabati ya nyumba. Akapanda juu akayamwagia maji. Maji yakaingia kitandani.

Siku moja mama alikuwa kwenye foleni ya maji, pale robine. Joto likamshika, akavua kitenge cha mabegani, akasema kwa sauti, "Naungua. Moto unatoka chini unapanda." Wala hakumaliza kujipepea, ardhi ikatikisika. Si sana, yale matetemeko madogo ya kugonganisha sahani, ambayo kwetu mtu hasimamishi hata mazungumzo. Lakini foleni yote ilikuwa imesikia. Baada ya siku si nyingi ikatokea tena, safari hii mbele ya shefu mwenyewe. Mama jasho, ardhi tetemeko.

Mama aliungua mara nyingi kila siku, na ardhi ikakaa kimya kama kanisa la Jumatatu. Hizo hakuna aliyezihesabu.

Jioni ya tetemeko lile la pili wakamletea kiti. Kiti cha plastiki, cha buluu, chenye mikono. Wakamletea na chai yenye maziwa. Jina la mudeplase likafa, akawa Mama wa Mulima. Watu walipita asubuhi wakiuliza, "Mama, leo kunasemaje huko chini?" na yeye anaangalia mbali kidogo, kama anasikiliza, anajibu, "Kwa sasa, kuko baridi." Anaiga mtaalamu wa volkano anayesema redioni. Nilimtazama nikajua anacheza, na nikajua pia kwamba ni mara ya kwanza tangu Kiwanja namwona ananyoosha mgongo.

Mimi nilisoma bio-shimi, biolojia na kemia, sekondari, diploma ninayo, na upuuzi huu ulinichoma. Nikampeleka hospitali kwa daktari wa wanawake, mwanamke mwenyewe, mkavu, anayesema huku anaandika. Akamwuliza mama habari ya hedhi, ya matiti, ya tansio ya damu, ya damu kuganda miguuni, ya dada zake walikufa kwa ugonjwa gani. Akampima. Mwishoni akasema ni homoni: ovari zimestaafu, na mwili bado haujapata habari.

"Iko dawa," akasema. "Ni homoni vilevile. Tunakurudishia kidogo."

Mama hanunui kitu bila kukionja. "Hiyo dawa ni ya asili ao ni ya kemikali?"

Daktari akaweka kalamu chini. "Ile neno asili njo itaniuwa miye. Mama, unisikilize. Homoni iko ndani ya hii jeli, umbo lake ni sawasawa na ile ovari zako zilikuwa zinatengeneza. Wanaianzia kwa mimea, soya ao viazi vikuu vya pori, lakini ni kiwanda njo kinaigeuza. Ni sawa na ya mwili, na ni ya kiwanda. Yote mbili pamoja. Iko ingine ya zamani, wanaitoa mu mukojo wa farasi jike mwenye mimba. Ile njo asili kabisa. Lakini ni asili ya farasi."

"Mukojo," mama akasema.

"Mukojo, mama."

"Wa farasi."

"Wa farasi. Na inasaidia wanawake wengi."

Mama akafikiri. Kwetu farasi tumewaona kwenye picha za watakatifu tu. "Na ni nani anashika chupa?" akauliza.

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaendelea: ziko za aina ya tatu, za sintetiki, ambazo wanakemia walizibunia umbo lao wenyewe, hazifanani kabisa na za mwili, lakini mwili unazisikia na zinafanya kazi. "Hakuna malaika ndani yao, hakuna shetani. Ya kufanana na mwili nayo inaweza kudhuru, ya sintetiki nayo inaweza kufaa. Miye naangalia mutu mwenye iko mbele yangu, na naangalia kipimo. Sasa lile la muhimu: dawa ni mbili. Jeli ya kupaka mukono, na hii kapsuli ya kumeza. Hii jeli ni mvua. Inanyesha mu tumbo la uzazi, na majani yanaota. Kapsuli njo jembe. Ukiacha jembe, majani yanafunga shamba, unaanza kutoka damu, na kisha mambo mabaya yanaweza kujificha mule. Mwenye bado iko na tumbo la uzazi hapake jeli bila kapsuli. Umesikia?"

"Nimelima kabla wewe hujazaliwa," mama akamjibu. Daktari akampa zote mbili, akasema akiona damu hata tone, aje.

Kwa hiyo alielewa. Nataka iandikwe kwamba alielewa. Tatizo ni kwamba katika maneno yote yale kichwa chake kilichagua kushika viazi vikuu.

Wiki zilizofuata tulikula viazi vikuu vya kuchemsha, viazi vikuu na sombe ya majani ya muhogo, viazi vikuu na samaki wadogo wa sambaza. "Kama dawa inatoka humu, juu ya nini tungojee kiwanda?" Bwana yangu alikula siku za kwanza kwa shukrani. Aliposikia ni chakula cha homoni za wanawake alianza kujiangalia kifua ndani ya kioo cha pikipiki yake. Siku moja aliniita nje, mbali na watu.

"Unishike hapa," akasema. "Hapa kushoto. Unaona si kumeongezeka?"

"Ni mafuta."

"Una hakika?"

"Mwili wako hauna kiwanda cha kugeuza kiazi kuwa homoni. Ni wanga. Kula, uende kazini."

Akaenda. Kwa mwezi mzima alikwenda kula ugali kwa rafiki zake.

Jeli yenyewe na kapsuli, nashukuru Mungu, zilifanya kazi. Joto la mama likapungua, usingizi ukarudi, akaacha kututupia shuka. Nikafikiri tumemaliza. Sikuifikiria avenue.

Shefu alikuja na wazee wawili, wamevaa vizuri, kama wamekuja kuposa. Wakakaa. Shefu akakohoa.

"Tumeona," akasema, "tangu mumepatia mama dawa ya kizungu, mulima hausemi tena."

"Ni vizuri, papa shefu."

"Si vizuri. Mulima unaweza kuwa unasema, na siye hatusikie. Tunaomba mama apunguze dawa. Hatuseme aache. Apunguze. Kwa usalama wa raia."

Nilicheka. Nilifikiri ni mzaha. Hakuna aliyecheka pamoja nami, na mama alikuwa anaangalia chini, anakunja pindo la kitenge chake, kwa sababu siku mbili hizo chai ilikuwa imekuja bila maziwa.

Na hapo ndipo akaingia Dokta wa Asili. Meza yake iko sokoni Birere, ina mchoro wa jani upande mmoja na mifupa ya mtu upande mwingine, na spika inayozomea wapita njia kuwa wameoza tumbo. Alikuwa amesikia habari za Mama wa Mulima, akaja na kopo la pomade: viazi vikuu vimetwangwa, vimechanganywa na mafuta ya kujipaka, vinanuka ugali uliolala. Sikuwapo, nilikuwa nimepeleka mtoto kwenye chanjo. Aliyoyasema nimeambiwa na mama mwenyewe, baadaye, alipokuwa hana budi kusema.

Alimwambia kapsuli ni sintetiki, inafunga milango ya mwili, ndiyo maana hasikii tena mulima. Alimwambia pomade yake ni homoni ileile, ila haikupita kwenye mashine. "Mama, hii njo jembe ya babu zako," alisema, kwa kuwa mama alikuwa amekwisha kumweleza habari ya mvua na jembe. Mjanja hahitaji kusoma. Anangoja umpe neno lako, anakuuzia.

Na kapsuli aliyoiita sintetiki ndiyo ilikuwa yenye umbo sawasawa na la mwili. Nilisoma karatasi ya ndani ya boksi. Pomade ndiyo haikuwa na homoni yoyote. Kama kujipaka kiazi kungeleta homoni, kujipaka maharagwe kungeshibisha, na mama angekuwa ameuza sokoni mafuta ya mwili miaka yote ile.

Basi mama akaacha kapsuli. Jeli akaendelea nayo, lakini akaipaka kwa siasa: siku ya kawaida anapaka, siku shefu anapokunja uso akiangalia mulima, hapaki, ili joto likitakiwa lipatikane. Mvua leo ndiyo, kesho hapana, na jembe limetupwa. Mimi sikujua. Boksi la kapsuli lilikuwa linapungua kama kawaida, maana alikuwa anazitupa kwenye ufa wa lava nyuma ya choo. Kama mulima wenyewe ulipata usingizi mzuri mwaka ule, mjue ni kwa nini.

Asubuhi ya siku ile ya kipaza sauti niliamka nikaenda kuanika nepi za mtoto. Juu ya mawe meusi nyuma ya nyumba, pale tunapoanika nguo, nikakuta kitambaa kimefuliwa vibaya, doa bado limo. Si changu. Mimi nilikuwa nanyonyesha, hedhi haijarudi. Katika nyumba yetu wanawake ni wawili.

Nikamkuta mama anapiga mswaki. "Mama, hii nini?"

Akaangalia kitambaa, akaangalia mtoto, akatema. "Imerudi."

"Tangu lini?"

"Dokta wa Asili anasema ni ujana. Anasema pomade ikishika vizuri, ujana unarudi."

"Na wewe unataka ujana wa kufanya nini?"

"Siutaki. Umekuja wenyewe." Kisha akaweka mswaki juu ya bidon, ile ile bidon, na sauti yake ikabadilika. "Weye umesoma. Hujawahi kukaa hapo juu na kusimama kila mutu akitaka maji. Kule Kiwanja nilikuwa mutu. Nimefika hapa nimekuwa kifuniko bila sufuria. Sasa wananiletea kiti. Unataka nitoe jasho wapi, kama kapsuli inalikausha?"

Nikafunga mtoto mgongoni nikapanda moto kwenda hospitali kumtafuta yule daktari. Akanisikiliza amesimama, akaacha kuandika kabisa, na hapo ndipo niliogopa. "Mulete leo hii."

Nimekwisha kusema nilichokuta niliporudi.

Baada ya maneno yangu ya kipaza sauti njia ilifunguka, kwa aibu zaidi kuliko kwa utii. Tulipanda moto ile moja: dereva, mama, mimi, mtoto. Njia nzima mama hakusema nami. Tulipopita mbele ya kanisa alimwambia dereva, mtu asiyemjua kabisa, "Nilizaa redio."

Hospitali wakamwingiza kwenye mashine ya picha. Utando wa ndani ya tumbo la uzazi ulikuwa umekuwa mnene. Daktari akachukua kipande kidogo cha nyama akakipeleka kupimwa, na dawa zote akazisimamisha mpaka jibu lije. Mama alitoka kule ameshika ukuta. "Ni majani?" akamwuliza daktari.

"Ni majani, mama. Sasa tunangojea kujua ni majani ya namna gani."

Siku za kungoja sitaziandika sana. Joto lilirudi lote, na mama alijipepea ndani ya nyumba, mlango umefungwa, hataki kuonwa. Tulikuwa tunakaa wote wawili sakafuni, yeye na kifuniko, mimi na titi mdomoni mwa mtoto. Siku moja akaniuliza kama kule kwa maabara wanajua kwamba mwenye ile nyama ni mtu wa Kiwanja. Nikasema wanaandika tu jina na umri. "Wangeandika na Kiwanja," akasema.

Jibu likaja. Hakuna kansere. Utando ulikuwa umeota kwa kukosa jembe, na bado ulikuwa unarudishika. "Mumekuja mapema," daktari akasema. Akapanga dawa upya, ya kumeza kwanza, na akamwapisha mama mbele yangu kama anaapisha waziri. Mama akaapa. Kisha akamwomba daktari asimwapishe na juu ya farasi, maana hajawahi kumgusa hata mmoja.

Na mulima? Siku ile ya kipaza sauti haukufanya kitu. Ulinguruma, ukanyamaza, magodoro yakarudishwa. Shefu akatembea nyumba kwa nyumba akieleza kuwa mama hakutoka jasho, na mulima haukutoka moto, kwa hiyo mama alisema kweli. Nilitaka kugonga kichwa changu kwenye lava.

Lakini hata hilo ningelimeza. Kilichonipeleka kwenye ofisi ya Zoni ya Afya ni kile nilichokisikia Birere, nimekwenda kununua sabuni. Ile spika. Yule mtu anatangaza, mbele ya wauza mitumba na wenye chukudu, kuwa Mama wa Mulima, mkimbizi wa Kiwanja, hedhi yake imerudi kwa nguvu ya kopo moja tu, na ameacha sumu ya wazungu, na amekuwa kama msichana. Wanawake watatu walikuwa wamesimama kununua. Mmoja alikuwa anajipepea kwa daftari la mtoto wake. Nilikujua kujipepea kule. Damu ya mama yangu, iliyotufungia ndani tukingoja jibu, ilikuwa imegeuzwa tangazo.

Nikamwambia yule mwanamke maneno mawili kuhusu daktari na hospitali. Nilikwenda nyumbani nikaandika.

Karani wa ofisi ile alitaka barua iwe ya Kifaransa, na iwe na kashe, muhuri wa shefu wa avenue, kabla haijapokelewa. La Kifaransa nilikataa: aliyedanganywa alidanganywa kwa Kiswahili. La kashe nilikubali, nikaipeleka kwa shefu mwenyewe, naye ni mmoja wa wanaolalamikiwa. Aliisoma yote, kidole juu ya mstari. Alipofika kwenye jina la cheo chake akavuta pumzi.

"Hapa umeandika 'mwenye kipaza sauti,'" akasema. "Ongeza: 'cha serikali.'"

Nikaongeza. Akapiga kashe. Hii ndiyo barua, kama ilivyopokelewa.

*

Kwa Daktari Mkuu wa Zoni ya Afya. Nakala kwa shefu wa kartye (mtaa).

Jambo: malalamiko juu ya mwuza pomade anayejiita Dokta wa Asili, na juu ya avenue yetu.

Mheshimiwa,

Mimi ni mama wa mtoto mmoja anayenyonya, na mtoto wa mama mmoja aliyekimbia vita. Ninaandika kwa niaba yake, naye ameketi hapa kando yangu ananirekebisha.

Mama yangu alipewa na daktari homoni mbili, ya kupaka na ya kumeza. Mwuza pomade alimwambia aache ya kumeza, akisema ni sintetiki, na badala yake ajipake kopo la viazi vikuu, akisema ni homoni ya asili. Ya kumeza ilikuwa inafanana na ya mwili. Kopo halikuwa na homoni. Mama alitoka damu, akapimwa kansere, tukangoja. Ninaomba mtu huyo akatazwe kujiita daktari, kopo lake lipimwe, na spika yake iondoe hedhi ya mama yangu mdomoni mwake. Ninaomba pia wanawake wa Birere waambiwe na mtu wa afya, kwa Kiswahili na kwa sauti kubwa kama yake, kwamba neno asili si cheti, na neno sintetiki si hukumu, na mwenye tumbo la uzazi asiache jembe.

Ninamlalamikia pia shefu wa avenue, mwenye kipaza sauti cha serikali, na wazee wake, kwa kumwomba mgonjwa apunguze dawa ili wajue habari ya volkano. Wako watu waliosomea mulima na mashine zao ziko. Mama yangu hakuwekwa pale na mtu wa volkano yeyote. Joto lake ni lake. Avenue isilipangie ratiba.

Mimi mwenyewe nilitangaza habari za mama yangu kwenye kipaza sauti bila ruhusa yake. Mama anataka jambo hili liandikwe hapa kama lalamiko lake juu yangu. Limeandikwa.

La mwisho ni ombi lake, nami naliandika kama alivyolisema. Wazee walituma mtu kuchukua kile kiti cha plastiki cha buluu, kwa sababu dawa inafanya kazi na jasho halitoki tena. Mama anasema kiti hakirudi. Anasema aliuza maharagwe Kiwanja miaka mingi, watu wakala wakashiba, na hilo linatosha mtu kukaa. Anaomba kiti kibaki chake, na chai ije na maziwa, bila jasho.